SAFARI NA KUNGOJA: WANAWAKE NA WANAUME KATIKA MASIMULIZI YA KAMBI YA KAKUMA

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi ya Kiingereza yanayoeleza habari za kambi ya wakimbizi ya Kakuma, msomaji huambiwa kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba eti maana yake ni mahali ambapo si mahali. Msomaji wa jarida hili hana haja ya kufungua kamusi ili ajue kwamba Kiswahili hakina neno hilo. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana, nalo lilikuwako kabla ya kambi. Kosa hili lingeweza kupuuzwa kama lingekuwa la mwandishi mmoja mwenye haraka. Lakini limerudiwa na wengi kwa muda mrefu, na kosa linalopendwa kiasi hicho lazima liwe na kazi linayoifanya. Linapafanya mahali paonekane patupu, ili habari ya mtu anayepita hapo ionekane kuwa ndiyo habari pekee.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi maisha ya wanawake na wanaume wa kambini yanavyosimuliwa katika vitabu vilivyotokana na Kakuma. Hoja yetu ni kwamba masimulizi yanayojulikana zaidi yamejengwa kwa fani ya safari, hali maisha ya kambini si safari bali ni kungoja. Kwa sababu hiyo maisha ya wanawake, pamoja na sehemu kubwa ya maisha ya wanaume wenyewe, yamebaki pembeni. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba uteuzi huo haukuanza katika meza ya mwandishi. Ulianza katika meza ya karani aliyeandikisha majina.

2. Mahali penyewe

Kakuma ipo kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika Kaunti ya Turkana, kwenye barabara itokayo Lodwar kwenda Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini, kando ya mto wa msimu uitwao Tarach. Kambi ilianzishwa mwaka 1992. Miongoni mwa watu wa kwanza kupokewa walikuwa maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan. Hao walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwa sababu ya vita, wakafukuzwa huko baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu mwaka 1991, wakavuka mto Gilo na kutembea hadi kuingia Kenya. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Mwaka 2016 makazi mapya ya Kalobeyei yalifunguliwa jirani, na katika miaka ya karibuni sehemu hizo mbili kwa pamoja zimekuwa na watu zaidi ya 250,000.

Si mara ya kwanza kwa nchi hii kutumiwa kuwaweka watu ambao serikali ilitaka wawe mbali. Baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, utawala wa kikoloni uliwafunga Jomo Kenyatta na wenzake Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, na mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Aliyekaa Nairobi au London aliiona Turkana kuwa jangwa la kufichia watu. Lakini kwa mfugaji wa Kaikor, katika Turkana Kaskazini hiyohiyo, hakuna jangwa tupu: kila kisima, kilima na malisho yana jina na mwenyewe. Mfugaji huyo akifilisika kwa ukame au kwa uvamizi wa mifugo, Lodwar na Kakuma ni mahali pa kutafutia riziki. Jambo hili tunalitaja mapema kwa sababu mhakiki wa masimulizi ya kambi anaposahau wenyeji huwa amekwisha kukubali, bila ya kujua, tafsiri ile potofu ya jina Kakuma.

3. Fani ya safari

Kati ya vitabu vya Kakuma, kinachojulikana zaidi ni What Is the What cha Dave Eggers, kilichotolewa mwaka 2006. Kitabu hiki kinajiita tawasifu ya Valentino Achak Deng, na papo hapo kinajiita riwaya. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimetoka They Poured Fire on Us from the Sky, cha Benson Deng, Alephonsion Deng na Benjamin Ajak, waliosaidiwa na Judy Bernstein. Mwaka 2007 John Bul Dau alitoa God Grew Tired of Us, kitabu chenye jina moja na filamu ya mwaka uliotangulia, na mwaka 2012 mwanariadha Lopez Lomong alitoa Running for My Life. Vitabu hivi vinatofautiana kwa ubora na kwa sauti, lakini mpango wao unafanana. Mtoto yumo kijijini kwao, vita vinaingia, anakimbia, anatembea, anavuka, anafika kambini, mwisho anapanda ndege kwenda Marekani. Kambi, ambako wengi wao walikaa miaka kumi hivi, inawekwa baina ya matembezi na ndege, kama kituo.

Si haki kuwalaumu wasimulizi kwa hilo. Mtu aliyenusurika kwa kutembea ana haki ya kuanza na miguu yake. Wala tusidhani kwamba ni Wamarekani waliobuni fani hii. Nathari yetu wenyewe ya Kiswahili, ilipoanza kusimulia maisha ya mtu, ilianza na safari. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ni habari za misafara ya biashara kwenda bara na kurudi. Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, zinasema nia yake katika jina lenyewe. Katika maandishi hayo msimulizi ni mwanamume anayekwenda, na wanawake waliokuwamo katika misafara hutajwa kwa kupita. Safari inampa msimulizi mwanzo, vikwazo na mwisho. Ni fani iliyo tayari, na anayeingia ndani yake hana haja ya kueleza kwa nini habari zake zinastahili kusikilizwa.

Tatizo huanza pale fani hii inapotumiwa kupima maisha ambayo hayakusafiri. Anayeamka, akapanga foleni ya maji, akarudi, akapika, akalala, akaamka tena, kwa miaka ishirini, hana kikwazo kimoja anachokivuka wala mto mmoja ambao baada yake mambo hubadilika. Kwa kipimo cha safari, mtu huyo hana hadithi.

What Is the What kinastahili sifa kwa kuwa kimelihisi tatizo hili. Msimulizi hasimulii kwa mpangilio wa moja kwa moja. Yumo nyumbani kwake Atlanta, amevamiwa na wezi, amefungwa na kulazwa sakafuni. Humo, kimoyomoyo, anawaambia wavamizi habari za maisha yake. Baadaye yumo hospitalini, anangoja saa nyingi ahudumiwe, na anaendelea kumsimulia kimya mpokezi asiyemsikia. Hapa mwandishi ameigundua fani ya kungoja: mtu hana pa kwenda, hana wa kumsikiliza, na wakati haumwishi. Lakini tazama ameiweka wapi. Ameiweka Atlanta, katika muda wa siku moja hivi. Miaka ya Kakuma, iliyokuwa kungoja kwenyewe, imejazwa matukio: michezo ya kuigiza, masomo, kazi pamoja na mfadhili kutoka Japani, mapenzi. Mambo hayo ni ya kweli na yanapendeza kusomwa. Hata hivyo, kungoja kulikostahili kuwa kiini cha habari za kambi kumehamishwa na kuwa mzunguko wa nje wa riwaya.

Katika riwaya hiyohiyo yumo Tabitha, msichana aliyependwa na msimulizi, ambaye naye alifika Marekani na kuuawa Seattle. Tunamjua kwa macho ya anayempenda na kwa huzuni ya aliyempoteza. Yale aliyoyaona yeye kambini, kwa macho yake, hatuambiwi ila kidogo.

4. Orodha kama mhariri wa kwanza

Kwa nini wasimulizi wa mwanzo walikuwa wanaume karibu wote? Jibu la haraka ni kwamba waliotembea walikuwa wavulana. Ni kweli kwamba walikuwa wengi zaidi, lakini wasichana nao walitembea, na walifika. Tofauti ilitokea baada ya kufika.

Wavulana wasio na wazazi waliwekwa pamoja katika vikundi, chini ya walezi, na wakaandikishwa kuwa watoto wasio na jamaa. Wasichana, kwa kufuata desturi za nyumbani na kwa nia ya kuwahifadhi, walipelekwa kuishi katika familia, za jamaa zao au za watu wengine. Katika familia hizo walifanya kazi za nyumbani, na mara nyingi familia iliyowalea ilitazamia mahari yao. Kwa karani wa shirika, msichana aliyekuwa ndani ya familia hakuwa tena mtoto asiye na jamaa. Alihesabiwa chini ya kadi ya mwenye nyumba. Ilipofika mwaka 2000 na 2001, Marekani ikakubali kuwapokea vijana hao wa Sudan, orodha iliyotumiwa ilikuwa ile ya vikundi vya wavulana. Waliopelekwa katika mpango huo walizidi 3,500. Wasichana walikuwa 89 tu.

Takwimu hii hutajwa mara kwa mara kuwa dhuluma, na ni dhuluma. Lakini kwa mhakiki wa fasihi ina maana nyingine pia. Waliopanda ndege ndio waliopata shule, lugha ya Kiingereza, wasikilizaji makanisani na vyuoni, na mwishowe wachapishaji. Orodha ya mwaka 1992 iliyokusudiwa kugawa chakula na ulezi iligeuka, baada ya miaka kumi, kuwa orodha ya waandishi. Kabla ya mhariri yeyote wa New York kuchagua habari ipi ichapishwe, karani alikuwa amekwisha kuchagua, bila ya kukusudia. Rebecca Deng, mmoja wa wasichana wale 89, alitoa kitabu chake, What They Meant for Evil, mwaka 2019. Kilikuja miaka kumi na mitatu baada ya What Is the What. Kuchelewa huko si habari ya bidii ya mtu mmoja. Ni matokeo ya orodha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba uhakiki wa fasihi ya wakimbizi usianze na kuuliza habari za wahusika na mtindo. Uanze kwa kuuliza: aliyesimulia aliandikishwa kama nani? Mhakiki asiyeuliza hivyo ataichukua sauti iliyopenya kuwa ndiyo sauti ya kambi nzima.

5. Waliobaki wakingoja

Yako maandishi yanayowataja wanawake wa kambini kwa wingi, nayo ni ripoti. Katika ripoti, mwanamke hutajwa pamoja na watoto, kwa pumzi moja, kuwa kundi linalostahili kuhifadhiwa. Hatari zinazotajwa ni za kweli. Mathalani, mwanamke mkimbizi aliyetoka nje ya kambi ya Kakuma kutafuta kuni alijiweka katika hatari ya kushambuliwa, na kuni za mgawo hazikutosha. Lakini ripoti haisemi kwamba kuni zilezile ni riziki ya mwanamke wa Kiturkana, anayezileta kambini pamoja na makaa ili apate unga au mahindi. Wanawake hao wawili hukutana mlangoni kila siku. Hupatana bei, huzozana, hukopeshana, na wakati mwingine mwenyeji huajiriwa na mgeni kuteka maji na kufua. Aliye na ardhi anamfanyia kazi asiye na ardhi, kwa sababu asiye na ardhi ana kadi ya mgawo. Hapo pana migongano ya kutosha kujaza riwaya nzima, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda safari. Hivyo mwanamke wa ripoti ana mateso lakini hana jina, na mwanamume wa tawasifu ana jina mradi awe njiani.

Kuhusu mwanamume aliyebaki, tunayo insha ya maana ya Abebe Feyissa, mkimbizi Mwethiopia aliyeishi Kakuma miaka mingi, aliyoiandika pamoja na Rebecca Horn na kuchapishwa mwaka 2008. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba kukaa kambini kwa muda mrefu ni namna mojawapo ya kufa, ijapokuwa risasi haisikiki. Humo kungoja hakufichwi ndani ya matukio. Mtu haruhusiwi kutoka bila kibali. Akipata kazi ya kufundisha au ya kutibu hupewa posho, si mshahara kama mwenzake Mkenya afanyaye kazi ileile. Na miaka inapita.

Hali hii haikuwa ya Kakuma peke yake. Simon Turner, aliyefanya utafiti katika kambi ya Warundi ya Lukole, wilaya ya Ngara nchini Tanzania, katika miaka ya 1990, anaeleza katika Politics of Innocence (2010) malalamiko ya wanaume kwamba shirika la wakimbizi limeshika nafasi yao. Chakula, turubai na dawa hutoka kwa shirika, na hutolewa kwa kila kichwa, mume kwa mke. Mume asiyelisha anabaki na nini? Mhakiki asiharakishe kusema kwamba malalamiko hayo ni ya wivu tu, wala asiyapokee jinsi yalivyo. Yanatuonyesha kwamba kungoja hakuwaathiri wanawake na wanaume kwa namna moja. Mwanamke kambini hupungukiwa na karibu kila kitu, ila kazi. Kuni, maji, jiko na watoto vingali vyake. Mwanamume hupungukiwa na ile kazi iliyompa jina la baba mwenye nyumba. Katarzyna Grabska, katika Gender, Home and Identity (2014), amewafuata Wanuer kutoka Kakuma hadi walikorejea Sudan Kusini, na anaonyesha kwamba mabadiliko hayo hayakubaki kambini. Walirudi nayo nyumbani, na wake kwa waume wakalazimika kupatana upya.

6. Lugha na fani ya mtu aliyekaa

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, yafaa tuyatazame maneno yetu wenyewe. Mkimbizi ni nomino itokanayo na kitenzi kukimbia. Inampa mtu jina la kitendo alichokifanya siku moja au mwaka mmoja, na inaendelea kumwita hivyo baada ya miaka thelathini ya kukaa. Mtoto aliyezaliwa Kakuma, ambaye hajakimbia popote, naye ni mkimbizi. Neno kambi nalo ni la wasafiri na askari: hupigwa jioni, huvunjwa asubuhi. Kwa hiyo Kiswahili pia, katika maneno yake ya kawaida, kimelieleza jambo hili kwa msamiati wa safari. Hatusemi kwamba maneno hayo yaachwe. Tunasema tu kwamba hatuwezi kuwacheka waandishi wa Kiingereza kwa kosa la jina Kakuma bila ya kujitazama sisi.

Watu wa kambini, kwa upande wao, wameshatoa maneno yaliyo karibu zaidi na maisha yao. Kiswahili ndicho wanachotumia wengi wanapokutana watu wa makabila mbalimbali, sokoni na mtoni, na shule za kambi hufuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo la lazima. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza mwaka 2015 kutoa sehemu ya mgawo kwa njia ya simu, mpango huo uliitwa Bamba Chakula, kwa Sheng. Kubamba ni kunasa, kudaka. Aliyesimama foleni kwa mkono ulionyoshwa ameitwa sasa mwenye kudaka. Msomi anayetafuta fasihi ya kambi angefanya vema kuanza na maneno kama haya.

Na fani je? Fasihi yetu haina safari peke yake. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, mnamo mwaka 1858, hakuwa safarini. Alikuwa mgonjwa, nyumbani, na alichokuwa nacho ni ujuzi wa maisha na mtu wa kumwusia. Mtu anaweza kutokubaliana na mafunzo ya utenzi huo, na wahakiki wengi wamefanya hivyo, lakini hawezi kukanusha kwamba usia ni fani kamili kwa msimulizi asiyekwenda popote. Hauhitaji mto wa kuvuka. Unahitaji mtu aliyeona na mtu mdogo anayemsikiliza. Katika nyumba za matope na mabati za Kakuma, usia wa namna hiyo bila shaka hutolewa kila usiku, kwa Kidinka, Kisomali, Kirundi na Kiswahili.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukimya wa wanawake katika masimulizi ya Kakuma umetokana na sababu mbili zinazosaidiana: orodha iliyoamua nani aondoke, na fani iliyoamua kwamba aliyeondoka ndiye mwenye hadithi. Fani hiyo imewadhulumu wanaume pia, kwa kuwa imewanyima nafasi ya kusimulia miaka yao ya kungoja.

Mfano wa kufuata upo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa maneno yao wenyewe, wakayatoa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, kwa jina Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wasimulizi hao hawakuvuka jangwa. Walisimulia ndoa, ngoma, kazi na ujirani, na leo hakuna anayeandika historia ya Mombasa bila kuwasoma. Kazi kama hiyo ifanywe Kakuma na Kalobeyei, na imhusishe pia mwanamke wa Kiturkana alетaye kuni. Irekodiwe katika lugha ya msimulizi, na matini ya asili ichapishwe pamoja na tafsiri, ili msimulizi asije akabaki na hadithi asiyoweza kuisoma. Na mwulizaji asianze kwa kuuliza mtu alikimbiaje, kwa maana swali hilo limeulizwa na maofisa mara nyingi mno, na jibu lake limekwisha kuchongwa ili limridhishe ofisa. Aulize siku ya jana ilipitaje.

Kazi hii haiwezi kuahirishwa. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe makazi ya pamoja ya wageni na wenyeji. Mpango huo ukifanikiwa, kambi kama ilivyojulikana tangu 1992 itatoweka, na waliokuwa watu wazima ilipoanzishwa wamekwisha kuzeeka. Idara zetu za lugha zimekuwa zikiwatuma wanafunzi Lamu na Pemba kukusanya tenzi, na zimefanya vema. Wakati umefika wa kuwatuma Lodwar pia, na kutoka Lodwar wafuate barabara hadi Kakuma.